Je, wajua kwa nini walimu wa Kenya hugoma na wenzao wa Tanzania hawagomi?

Mwaka 2012 walimu wa Kenya na wa Tanzania waligoma, wakipishana kwa wiki chache tu. Wa Tanzania walianza Jumatatu, Julai 30, wakidai mishahara ipande kwa asilimia 100, pamoja na posho ya kufundishia na posho ya mazingira magumu. Kufikia Alhamisi, Agosti 2, Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi ilikuwa imeshasema mgomo haukufuata utaratibu wa sheria, na chama kikawaambia wanachama warudi darasani. Wa Kenya walianza Septemba na kukaa nje wiki tatu. Miaka mitatu baadaye waligoma tena, wiki tano safari hii. Tanzania haijaona mgomo mwingine wa walimu wa nchi nzima tangu zile siku nne.

Jibu la vijiweni linajulikana: Wakenya ni wakali, Watanzania ni wapole. Jibu hilo halina kichwa wala miguu. Tanganyika ya wakoloni ilikuwa nchi ya migomo. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1947, na moto ule ukasambaa hadi miji ya bara. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli waligoma zaidi ya miezi miwili. Upole ulikuwa wapi wakati huo?

Tofauti ilianza baada ya uhuru, na mwaka wa kuukumbuka ni 1964. Januari ya mwaka huo askari wa Tanganyika waliasi. Maasi yalipozimwa, serikali ikawatia mbaroni viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi na kulivunja shirikisho lao, TFL. Mahali pake pakawekwa chama kimoja cha wafanyakazi wote, NUTA, chini ya mwavuli wa chama tawala, TANU, huku waziri wa kazi mwenyewe akiwa katibu mkuu wake. Mtu wa kudai nyongeza na mtu wa kuikataa wakawa wanakaa kiti kimoja. NUTA ikaja kuwa JUWATA, JUWATA ikazaa OTTU mwaka 1991, na walimu wakapata Chama cha Walimu Tanzania, CWT, mwaka 1993. Yaani kwa karibu miaka 30 mwalimu wa Tanzania hakuwa na chama chake. Mwalimu mkongwe aliyestaafu miaka ya 1990 alimaliza utumishi wake karibu wote bila kupiga hata mara moja kura ya kugoma.

Upande wa pili wa mpaka mambo yalikwenda kinyume kabisa. Chama cha walimu wa Kenya, KNUT, kilizaliwa mwaka 1957, kabla ya uhuru, wakati mwalimu mmoja aliajiriwa na misheni, mwingine na halmashauri, mwingine na serikali, kila mmoja na masharti yake. Kilio cha kwanza cha chama kilikuwa kimoja: tupeni mwajiri mmoja. Wakagoma zaidi ya mara moja kwa ajili hiyo, na mwaka 1967 Bunge likaunda Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC. Mwajiri akawa mmoja, orodha ya mishahara ikawa moja, na mwalimu wa Lamu akawa na malalamiko yale yale ya mwalimu wa Turkana. Nadhani serikali haikuliona hili wakati ule: ukiwapa watu wote mwajiri mmoja, umewapa pia mtu mmoja wa kumgomea.

Kisha ukaja mwaka 1997. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba, na Rais Moi alikuwa anagombea. Oktoba walimu wakaweka chaki chini. Haikufika wiki mbili serikali ikakubali kuongeza mishahara kwa asilimia 150 hadi 200, italipwa kwa awamu ndani ya miaka mitano, na makubaliano yakachapishwa rasmi kama Tangazo la Kisheria namba 534. Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ukapita. Awamu zilizobaki zikaota mbawa.

Walimu waligoma mwaka 1998 wakidai kilichoahidiwa 1997, hawakufua dafu. Wakagoma tena 2002, mwaka mwingine wa uchaguzi, Moi akiwa anaondoka. Namba 534 ikawa kama deni la ukoo: anarithishwa waziri mpya, anarithishwa katibu mkuu mpya wa chama, na kila upande unaijua kwa moyo. Hata mgomo wa 2013, uliokwenda kwa zaidi ya wiki tatu, ulikuwa bado unadai posho zilizotokana na makubaliano yale.

Hapo ndipo penye jibu, kwa maoni yangu. Mwalimu wa Kenya aliona kwa macho yake kwamba mgomo unalipa. Hata kama ulilipa nusu, hata kama karatasi ilitangulia na fedha ikachelewa miaka, alishuhudia serikali ikikaa mezani kwa sababu madarasa hayana mtu. Somo la namna hiyo likishaingia halitoki. Mwalimu wa Tanzania hajawahi kupewa nafasi ya kujua kama mgomo unalipa au haulipi, kwa kuwa kila ulipoandaliwa ulikatizwa mapema. Ule wa Oktoba 2008 mahakama iliuzuia kabla haujaanza. Ule wa 2012 haukumaliza wiki.

Na ule wa 2012 ulikuja katika majira mabaya. Mwezi mmoja tu nyuma madaktari walikuwa wamegoma, na kiongozi wao, Dk Steven Ulimboka, alitekwa usiku, akapigwa vibaya na kutupwa msitu wa Mabwepande, nje ya jiji la Dar es Salaam. Hakuna aliyehitaji kumweleza mwalimu wa Tandahimba maana ya habari ile.

Lakini hofu peke yake haielezi kila kitu, maana hata mwenye hofu hugoma akiona wenzake wote wako naye. Muundo wa ajira ndio unaowatenganisha. Muulize mwalimu wa Tanzania mwajiri wake ni nani, uone atakavyovuta pumzi kwanza. Kibali cha ajira kinatoka Utumishi, ofisi ya watumishi wote wa umma. Usimamizi wa shule uko TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa. Mtaala na sera viko Wizara ya Elimu. Nidhamu na kupandishwa daraja viko Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Barua yake ya kila siku inakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, na mshahara unatoka Hazina. Umgomee nani? Kila mmoja anaweza kukuelekeza mlango wa jirani, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

Tena, madai mengi ya mwalimu wa Tanzania hayafanani na ya mwenzake wa chumba cha pili. Huyu anadai fedha za likizo, yule anadai za uhamisho, mwingine amepandishwa daraja kwa barua lakini mshahara umebaki wa zamani na sasa anadai malimbikizo, mwingine anasubiri mserereko, yaani kupandishwa daraja kwa kufidia muda aliocheleweshwa. Kila mtu ana faili lake. Kwa hiyo kinachofanyika ni kile walimu wanachokiita kufuatilia: unaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, unapanda basi hadi makao makuu ya wilaya, unakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya afisa utumishi, unaambiwa mfumo unasumbua, urudi Jumatatu. Mtu anayefuatilia lake hana haja ya kugoma kwa ajili ya wote, na akionekana mkorofi faili linaweza kulala. Nimesikia watu wakilaumu uzembe wa halmashauri. Mimi naona zaidi jinsi uzembe huo unavyoitunza amani ya serikali bila askari hata mmoja.

Hata heshima hurudishwa kwa njia hiyo hiyo ya kutoka juu. Februari 2009 mkuu wa wilaya ya Bukoba aliagiza walimu wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya ya mitihani. Wakachapwa, watu wazima, na polisi. Jambo kama hilo lingetokea Kakamega, sidhani kama shule za mkoa ule zingefunguliwa wiki ile. Tanzania walimu walilia, chama kikalaani, na Rais Kikwete akamfuta kazi mkuu wa wilaya. Haki ilitendeka, ndiyo. Ilitendeka kwa uamuzi wa mkubwa, na somo lililobaki ni kwamba mkubwa akisikia atatengeneza. Ndiyo maana kila Mei Mosi macho ya walimu huelekezwa jukwaani kungoja Rais atamke nini. Mwaka 2022, wiki mbili baada ya Mei Mosi, ilitangazwa asilimia 23.3, shangwe zikalipuka, na Julai walimu wengi walipofungua slipu za mshahara wakakuta nyongeza ndogo kuliko walivyotarajia, kwa kuwa asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini, wala si ya kila ngazi. Walinung'unika sana mitandaoni. Shuleni walikwenda kama kawaida.

Kama kawaida, au karibu na kawaida. Watanzania wana neno lao, mgomo baridi. Mwalimu anafika, anasaini kitabu cha mahudhurio, anaandika nukuu ubaoni au anampa kiranja aandike, kisha anakwenda kwenye mambo yake. Mambo yenyewe ni ubuyu na visheti vya kuuza mapumziko, tuisheni ya jioni, kuku wa mayai, shamba la kukodi. Wengi wana mikopo inayokata mshahara kabla haujamfikia, na wapo walioacha kadi ya benki kwa mkopeshaji wa kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kubwa, pamoja na namba ya siri. Simlaumu anayeuza visheti. Ila mgomo wa aina hii hauna siku ya kuanza wala ya kuisha, hauna madai yaliyoandikwa, na hakuna jaji anayeweza kuuzuia. Mgomo wa Kenya humnyima mtoto wiki tano, zikahesabika na kulalamikiwa magazetini. Hizi saa zinazovuja kimya kimya nani anazihesabu?

Msomaji wa Kenya asifurahi mapema, hata hivyo. Juni 2015 mahakama ya kazi iliwapa walimu wa Kenya nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Serikali ikakataa kulipa, Rais Uhuru Kenyatta akasema hadharani kwamba fedha hizo hazipo na hazitalipwa. Wakagoma Septemba nzima. Mshahara wa Septemba wakaukosa, na Novemba Mahakama ya Rufani ikaifuta nyongeza yenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa mfanyakazi haki ya kugoma waziwazi, lakini haimlipii kodi ya nyumba akigoma. Mkataba wa shilingi bilioni 54 uliosainiwa Oktoba 2016 ulipatikana kwa mazungumzo.

TSC nayo ilijifunza. Mwaka 2019, katika ugomvi juu ya vigezo vya kupandisha walimu vyeo, wanachama wa KNUT walijikuta nje ya nyongeza waliyopata wenzao, wakakihama chama kwa maelfu. Kutoka zaidi ya wanachama 180,000, ndani ya miaka miwili walibaki chini ya 20,000, kwa sababu makato ya ada hupitia kwa mwajiri yule yule mmoja waliyemlilia mwaka 1957. Mkataba wa 2021 ukapita bila nyongeza ya mshahara hata shilingi. Hakuna aliyegoma.

Na sasa kuna jambo jipya linalozifananisha nchi hizi mbili kuliko zamani, nalo ni foleni ya ajira. Kenya iliwaweka walimu wa sekondari msingi, yaani wa darasa la saba hadi la tisa, kama wanagenzi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi au pungufu baada ya makato, ilhali wana vyeti kamili. Mwaka 2024 waligoma wakidai ajira ya kudumu. Tanzania, mapema 2025, waombaji zaidi ya 200,000 waliitwa kwenye usaili wa nafasi za ualimu zisizofika 15,000. Mwalimu aliye kazini anaijua hesabu hiyo. Mdogo wake yumo ndani yake, ana shahada, na anaendesha bodaboda.