Desdemona wa Tashkent

Nafundisha historia ya jukwaa, na tukifika Asia ya Kati wanafunzi hushangaa kuona nasimama kwa Desdemona wa Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, wa mwaka 1941, katika Othello, tamthilia ya Shakespeare ambamo Othello anamuua mkewe Desdemona kwa wivu, ilhali sifa zote za onyesho lile zilikwenda kwa Othello. Ni kweli, Abror Hidoyatov alijijengea jina lisilofutika kwa uhusika ule. Mimi namtazama anayeuawa, na aliyemwigiza ni Sora Eshonto'rayeva.

Sora alizaliwa mwaka 1911 upande wa Andijon, katika bonde la Fergana, akawa yatima angali mdogo. Mwaka 1924 alipelekwa Moscow kusomea uigizaji katika studio ya Wauzbeki, akarudi 1927.

Huo mwaka wa kurudi ndio wa kuuangalia. Padarkush ya Mahmudxo'ja Behbudiy, iliyofungua ukurasa wa tamthilia ya kisasa ya Kiuzbeki, ilionyeshwa mara ya kwanza 1914, na enzi hizo nafasi za wanawake ziliigizwa na wanaume. Mwanamke wa mjini alitoka nje ndani ya paranja, joho la kumfunika tangu utosini, na mbele ya uso wavu mzito wa singa za farasi. Msomaji wa pwani asidhani ni buibui tu. Wavu ule uliziba hata macho. Machi 8, 1927, Wasovieti walianzisha hujum, kampeni ya kuwavua wanawake paranja hadharani, kwa pupa ya watu wasioishi mtaani humo. Wanawake wengi waliovua waliuawa na jamaa na majirani zao. Mwigizaji ndiye alikuwa hatarini zaidi, kwani uso wake ulionekana na yeyote mwenye kiingilio.

Tursunoy Saidazimova, mwimbaji na mwigizaji aliyezaliwa mwaka mmoja na Sora, aliuawa 1928 na mumewe. Mwandishi Hamza Hakimzoda Niyoziy alimtungia shairi la kumlilia. Mwaka uliofuata Hamza mwenyewe aliuawa na kundi la watu huko Shohimardon, na Nurxon Yo'ldoshxo'jayeva, msichana mcheza ngoma, akachomwa kisu na kaka yake huko Margilan.

Sora alibaki jukwaani. Ukumbi wa maigizo wa Tashkent alioutumikia ukapewa jina la Hamza. Mwaka 1935 alikuwa Ofelia katika Hamlet, tamthilia nyingine ya Shakespeare, iliyoongozwa na mumewe, Mannon Uyg'ur, naye Hidoyatov akiwa Hamlet. Mfasiri alikuwa mshairi Cho'lpon. Miaka mitatu baadaye dola ile ile iliyojisifu kuwakomboa wanawake ilimpiga Cho'lpon risasi, kwa hiyo habari hii haiwezi kusimuliwa kama giza lililofukuzwa na nuru ya Moscow, ingawa vitabu vya zamani vilipenda kuisimulia hivyo.

Ndipo ikaja Othello, kwa tafsiri ya G'afur G'ulom. Kwingineko Desdemona huchezwa kama msichana mpole aliyeponzwa na kitambaa cha mkononi. Tashkent, miaka 13 tu baada ya Tursunoy, mke anauawa na mume kwa sababu ya heshima, na anayelala kitandani pale ni mwenzake Tursunoy wa rika moja. Sidhani palikuwa na mtu mzima ukumbini aliyehitaji kuelezwa. Kwa maoni yangu nguvu ya Hidoyatov ilitegemea hilo: hasira ya Othello hutisha pale tu watazamaji wanapojua mwanamke huyu anaweza kufa kweli.

Mwaka 1951 Sora alipewa cheo cha Msanii wa Watu wa Muungano wa Kisovieti. Sinema za Kiuzbeki nazo ziliwachota waigizaji kutoka majukwaa hayo hayo. Lutfixonim Sarimsoqova, aliyezaliwa 1896, ndiye mama wa yatima wa vita katika Sen yetim emassan (Wewe si yatima), filamu ya Shuhrat Abbosov, ya mwaka 1962. Anayetaka kuona kizazi kile kikiigiza na aanzie hapo.

Sora alifariki 1998. Kufikia wakati huo sanamu ya Nurxon ilikuwa imeshaondolewa Margilan, na mwaka 2001 ukumbi wa Hamza nao ukapewa jina jingine.