Kadi ya Zawadi ya Bei Chee Si Lazima Iwe ya Wizi

Kwa fundi simu mmoja Mtwara mjini nilisikia ikisemwa: kadi ya zawadi (gift card, yenye pesa iliyolipiwa kabla ya kununulia vitu duka fulani) ikiuzwa chini ya thamani yake, imeibwa. Aliyekulia Tandahimba kwenye korosho angesita kidogo, maana kangomba, ule ulanguzi wa korosho, anaijua. Mnada bado, ada ya mtoto inadaiwa leo, basi mkulima anaachia korosho kwa bei ya hasara. (Kangomba imepigwa marufuku, kuuza kadi hakujapigwa, ninacholinganisha ni shida ya muuzaji.) Huko Marekani mtu hupewa kadi ya dola 50 ya duka asiloingia kamwe. Anaipeleka kwa wanunuzi wa kadi kama CardCash, nao wanaiuza, tuseme kwa dola 44. Mnunuzi kaokoa 6. Mwenye kadi kapata pungufu ya 44, kwa kuwa wa katikati naye ana chake.

Wengine huamini kadi ni sawa na pesa, inatumika popote. Haitumiki. Kadi ya Apple ya Marekani hukubali akaunti ya Marekani tu, na ya Amazon.com haipokelewi Amazon.co.uk. Usiyemjua akikutumia picha ya kadi kwenye WhatsApp, kumbuka namba zile anazo yeye pia. Anaweza kuzitumia kabla hujazigusa. Na anayetaka umlipe deni au ada ya kazi kwa kadi ya zawadi ni tapeli, mjadala umefungwa.

Ila kwetu kusini akiba kubwa iko kwenye vitu vya mkononi, yaani vilivyokwisha tumika, na hapo ndipo watu wanapokosea hesabu. Wanatazama bei ya kununulia, bei ya kuuzia wanaisahau. Chukua simu mpya ya 400,000: ukiiuza mwakani kwa 220,000, imekula 180,000. Iliyotumika ukainunua 240,000 na kuiuza 170,000, imekula 70,000 tu. Pesa za korosho zikianza kuingia Oktoba, pikipiki na paneli za sola hununuliwa kwa pupa. Masika baadhi yake hurudi sokoni. Mimi hungoja masika, na sioni haya.

Kwenye simu utasikia: “Imewaka, basi nzima.” Hapana. Piga *#06#, kisha tuma namba ya IMEI, yaani ya utambulisho wa simu, kwenda 15090. Jibu likitaja aina tofauti na uliyoshika, irudishe. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizizima simu bandia kwenye mtandao Juni 2016, kwa hiyo kuwaka hakutoshi. Kama ni iPhone, mwenyewe aondoe akaunti yake ukiwa umesimama pale, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Pikipiki nayo ina kadi yake, ya usajili. Jina lililoandikwa humo likiwa si la muuzaji, na aliyeandikwa hapatikani, hata wakikupa kwa nusu bei iache hapohapo.