Uhuishaji wa michoro michache ni nini?

Ni mbinu ya kutengeneza katuni bila kuchora upya mwili mzima kila mhusika anapojongea. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde. Katika uhuishaji kamili, mchoro mmoja kwa kawaida hushika picha mbili, hivyo sekunde moja hula michoro 12, na dakika saba hupita michoro 5,000. Katuni 17 za Superman zilizotengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema kati ya 1941 na 1943 zilifuata njia hiyo ya gharama, na mpaka leo miili ya wahusika wake huonekana ina uzito halisi.

Televisheni haikuwa na fedha wala muda wa namna hiyo. Kwa hiyo mwili ulichorwa mara moja ukaachwa umetulia, na mdomo au mkono ukachorwa kwenye plastiki angavu juu yake, ukabadilishwa peke yake. Mandhari zilirudiwa. Katika Spider-Man ya 1967, mistari ya utando ilibaki kwenye kinyago, glavu na viatu, huku sehemu kubwa ya vazi ikiachwa tupu: kila mstari ulioondolewa ulipunguza kazi ya mchoro baada ya mchoro. Si kila mara sababu ilikuwa fedha, maana studio ya UPA ilichagua mbinu hii kwa ajili ya sura yake, na katuni yake Gerald McBoing-Boing ya 1950 ikapata Oscar.

Mfano uliokithiri ni The Marvel Super Heroes ya 1966, yenye Captain America, Hulk, Iron Man, Thor na Namor. Watengenezaji walinakili kwa mashine fremu za komiki zenyewe, yaani vitabu vya hadithi za picha, kisha wakatikisa mkono hapa na mdomo pale. Mtoto huona picha zilizoganda. Msomaji wa komiki anayeirudia ukubwani huona kalamu ya wachoraji wa komiki hizo, Jack Kirby na Steve Ditko, na kwangu hilo ni furaha kubwa: yale mabega, vile vidole vilivyotanuka, ni vilevile vya ukurasani.

Hata hivyo kuna kinachopotea. Kirby huchora ngumi ikiwa imeshafika, na msomaji mwenyewe hujaza kilichotangulia na kilichofuata, kwa kasi anayoitaka. Nafasi nyeupe kati ya fremu mbili ndiyo inayobeba mwendo. Katuni huifuta nafasi hiyo, ikashika muda mikononi mwake, lakini haina michoro ya kuujaza; ngumi iliyotisha kwenye karatasi huteleza tu skrini nzima kama kadi inayosukumwa mezani. Ndiyo maana mapigano ya katuni hizi hupwaya, ilhali pale mhusika anaposimama na kunena, sauti ya mwigizaji na muziki vikimsindikiza, mchoro uliotulia hutosha kabisa. Thor hufaidika zaidi ya wenzake, kwa kuwa hata kwenye komiki alikuwa mtu wa hotuba.