Jeti kubwa haiongezi nguvu

Vijiweni Mwanza, bodaboda ikishindwa mlima wa Bugando utasikia: "Weka jeti kubwa." Jeti ni kipande cha shaba ndani ya kabureta chenye tundu la kupitisha petroli. Lakini jeti kubwa huongeza petroli tu, hewa inabaki ileile. Na Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 10, hivyo jeti iliyopimwa pwani huku tayari inazidisha petroli kidogo.

Anza na chujio la hewa. Likijaa vumbi, nalo huzidisha petroli.

Jeti hiyo, yaani jeti kuu, hutawala kuanzia robo tatu ya resi hadi mwisho. Katikati ni sindano ya kabureta, mwanzoni ni jeti nyingine, jeti ndogo. Kuipima jeti kuu, injini ikiwa ya moto, vuta resi yote dakika moja penye barabara tupu, shika klachi, zima hapohapo, fungua plagi. Masizi makavu meusi: weka jeti ya namba moja chini tu (namba ni ukubwa wa tundu). Nyeupe: petroli haitoshi, pistoni inaweza kuungua. Rangi ya chai ya maziwa, iache.

Tundu la jeti usilizibue kwa waya. Shaba ni laini, likipanuka namba iliyochongwa juu yake inakudanganya.