Je, wajua kwa nini ukipunguza idadi ya ndege za kivita, kila moja inazidi kuwa ghali?

Kila sherehe za kitaifa zikifika na zile F-5 za jeshi zikapita angani zikitikisa madirisha, barazani hapa Mombasa huzuka swali lilelile: hivi moja ya hizo ni pesa ngapi? Hakosekani mtu wa kutoa simu, akatafuta habari ya mkataba fulani, akachukua jumla ya mabilioni akaigawanya kwa idadi ya ndege, kisha akatangaza bei kama ametoka dukani saa hii. Na kahawa ikishakolea hutokea mwengine akasema sasa kama bei ni hiyo si serikali inunue chache tu, zikitosha kumi basi kumi, pesa zibaki.

Yote mawili yana kasoro. Hilo la pili ndilo la ajabu, manake mara nyingi kununua chache ndiko kunakozifanya ziwe ghali. Lakini hilo la kwanza limeenea zaidi kwa hivyo tuanze nalo.

Januari 2017 serikali ya Marekani ilitangaza imekubali kuiuzia Kenya ndege 12 aina ya Air Tractor AT-802L pamoja na mbili za mafunzo aina ya AT-504, kwa makadirio ya dola milioni 418. Watu wakashika kalkuleta. 418 gawa kwa 14 unapata karibu milioni 30 kwa ndege, na Air Tractor yenyewe asili yake ni ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, ya mkulima unaipata kwa milioni chache tu. Basi kelele! Hata mbunge mmoja wa Marekani akalalamika kwamba kampuni ya jimbo lake ingefanya kazi hiyo kwa pesa kidogo zaidi (na mbunge kutetea kampuni ya kwao si jambo geni popote duniani). Inawezekana alikuwa na hoja, sitetei mtu hapa, na ile biashara mwishowe haikufanyika. Ila hesabu ya kugawanya ilikuwa mbovu kutoka mwanzo, kwa sababu ndani ya ile 418 kulikuwa na silaha, msaada wa mafundi, usimamizi wa mradi na mengineyo, halafu tangazo la aina hiyo linalopelekwa bungeni Marekani hutaja kiwango cha juu kabisa ambacho mauzo yanaweza kufika. Mkataba ukija kusainiwa huwa chini ya hapo, mara nyengine chini sana. Kwa hivyo unagawanya kadirio la juu, lenye vitu ambavyo si ndege, halafu unaita bei ya ndege.

Finland wao waliweka mambo wazi na ndio maana nawapenda katika habari hii. Desemba 2021 walichagua ndege 64 za kivita za Marekani aina ya F-35A, na magazeti mengi yakaandika yuro bilioni 10. Gawanya, unapata kama milioni 156 kila moja. Sasa fungua ule mzigo uone: ndege zenyewe zilikuwa yuro bilioni 4.7, yaani kama milioni 73 kwa ndege, nusu ya ile ya kalkuleta. Makombora ya angani kama milioni 755. Spea, vifaa vya matengenezo, mafunzo na huduma mpaka mwisho wa 2030 zikala bilioni 2.9. Kilichobaki ni majengo, akiba na mambo ya namna hiyo. Ndege ni ileile, anayesema milioni 73 na anayesema milioni 156 hakuna mwongo, ila kila mmoja anajibu swali lake.

India nao waligombana miaka kwa sababu ya ndege za kivita 36 aina ya Rafale walizonunua Ufaransa mwaka 2016 kwa karibu yuro bilioni 7.9, kesi ikafika mpaka Mahakama ya Juu, na sehemu kubwa ya mabishano ilikuwa hiyohiyo, hii bei ni ya ndege tupu au ndege na makombora na marekebisho ambayo India yenyewe iliagiza? Kulinganisha mikataba ya nchi mbili ni kazi ngumu hata kwa wataalamu, tena vipengele vingine huwa siri. Kwa hivyo ukimsikia mtu anasema kwa uhakika kabisa nchi fulani imepigwa kwa sababu jirani yake alilipa nusu, mwambie akuonyeshe kwanza kilichomo ndani ya kila mkataba.

Haya, sasa la pili, lenye utamu wake.

Chukulia una walima, unataka kulisha biriani. Kuna gharama zinakuja hata akila mtu mmoja: mpishi na vijana wake, kukodi sufuria kubwa, turubai, kuni, gari la kuleta maji. Tuseme zote hizo shilingi 60,000. Halafu kila sinia ina vyake, mchele, nyama, viazi, masala, tuseme 3,000. Ukiandaa sinia 60, ile elfu sitini inagawanyika elfu moja moja, kila sinia inasimama 4,000. Jumla 240,000. Sasa wazee wa familia wanakaa, wanaona ni nyingi, wanasema punguza wageni ziwe sinia 20. Umeondoa thuluthi mbili ya watu, unatarajia na pesa zishuke thuluthi mbili, wapi! Mpishi hapunguzi ujira wake, sufuria ni lilelile, turubai lilelile. Kila sinia imekuwa 6,000 na jumla ni 120,000. Umefukuza wageni wengi hivyo na umeokoa nusu tu. Balaa sasa ni pale mjomba anaposikia sinia ni 6,000 akapandwa na hasira, hii si wizi huu, punguzeni tena ziwe 15. Sinia ikawa 7,000. Na hasira za mjomba zikazidi.

Badala ya mpishi na sufuria weka wahandisi maelfu, miaka kumi au ishirini ya utafiti, ndege za majaribio na kiwanda chenye mitambo inayotengeneza umbo moja tu duniani. Badala ya mjomba weka bunge la Marekani. Hiyo ndiyo hadithi ya B-2, ile ndege ya kudondosha mabomu ya kampuni ya Northrop, yenye umbo la popo, ambayo rada hupata tabu kuiona. Mpango ulikuwa kutengeneza 132. Vita Baridi vikaisha, bei ikapigiwa kelele, Januari 1992 Rais George H. W. Bush akatangaza zitaishia 20, baadaye wakati wa Clinton ndege moja ya majaribio ikarekebishwa ikawa ya 21. Utafiti peke yake ulikuwa umeshakula zaidi ya dola bilioni 20. Kwa raundi tu, bilioni 20 juu ya ndege 132 ni kama milioni 150 kila moja, juu ya ndege 21 ni kama milioni 950, na hapo bado hujanunua hata tairi. Ndio ukasikia ile bei maarufu ya zaidi ya dola bilioni mbili kwa B-2 moja kwa pesa za 1997. Kuitengeneza moja kiwandani, ukiuacha utafiti nje, ilihesabiwa kama milioni 737. Ghali bado, lakini si bilioni mbili.

Tukiwa hapohapo, B-2 na unyevu hawapatani. Ile ngozi yake ya kumeza mawimbi ya rada inataka banda maalum lenye hewa inayodhibitiwa, na ile iliyoanguka Guam Februari 2008 chanzo kilikuwa maji yaliyoingia kwenye vipima hewa, kompyuta zikadanganyika kuhusu mwendo wa ndege wakati inaruka. Marubani wawili waliruka nje wakaokoka. Ukifikiria hewa ya Mombasa inavyokula bati na redio za magari, ndege kama hiyo kukaa Port Reitz ingekuwa kazi.

F-22, ndege nyengine ya kivita ya Marekani, ilipita njia hiyohiyo. Mwanzoni ilizungumzwa 750, zikawa zinapunguzwa kila baada ya miaka michache mpaka zikaishia 187 za kazi, ya mwisho ikakabidhiwa 2012. Na hapo pana tatizo jengine, sheria ya Marekani tangu 1998 inakataza kuiuza nje hata kwa marafiki, kwa hivyo Japani iliyokuwa inaitamani haikuweza kuja kusaidia kulipa sufuria. Kisha wakajuta kidogo. Bunge likaagiza jeshi la anga lipige hesabu ya kufungua kiwanda upya, majibu yakatoka kwamba 194 zaidi zingegharimu karibu dola bilioni 50, na karibu bilioni 10 kati ya hizo ni za kuwasha moto tu, kutafuta wauzaji wa vipuri waliofunga, kufundisha mafundi wapya, kubadilisha vifaa vilivyopitwa. Wakaachana nayo.

Kinyume chake ni F-35. Awamu ya kwanza kabisa ya kuzitengeneza, F-35A moja ilipita dola milioni 200, kufikia awamu ya 14 ikashuka mpaka karibu 78. Sehemu ya hiyo ni gharama za kudumu kugawanyika kwa wengi maana zimeshatoka zaidi ya elfu moja kwa nchi nyingi. Sehemu nyengine ni mikono kuzoea. Mwaka 1936 mhandisi Theodore Wright wa kampuni ya ndege ya Curtiss-Wright aliandika kwamba kila idadi ya ndege zilizotengenezwa inapokuwa maradufu, kazi inayohitajika kwa ndege moja hushuka mpaka kama asilimia 80 ya ilivyokuwa. Hiyo 80 usiishike kama msahafu, ilitokana na ndege za zama zake, viwanda vya leo vyenye mashine nyingi hutofautiana. Tena baada ya awamu ya 14 bei ya F-35 ikaanza kupanda upya, mfumuko wa bei na vifaa vipya vikaingilia kati.

Na kuna upande mwengine wa shilingi ambao barazani hauzungumzwi sana, nao ni kuirusha. Wakaguzi wa serikali ya Marekani husema kuendesha na kutunza silaha kubwa huchukua kama asilimia 70 ya gharama yake yote ya maisha. Ule ugonjwa wa sinia unarudi hapa kwa saa za kuruka. Banda, mafundi, simuleta na stoo ya spea vipo urushe usirushe, kwa hivyo ukirusha kidogo kila saa inakuwa ghali. Makadirio ya kuzitunza F-35 zote za Marekani mpaka zistaafu yalipanda kutoka dola trilioni 1.1 mwaka 2018 hadi karibu trilioni 1.6 mwaka 2023, na muda huohuo jeshi likapunguza saa inazopanga kuzirusha. Zile jedwali za kwenye mitandao zinazosema ndege hii ni dola elfu nane kwa saa na ile elfu thelathini zitazame kwa jicho la kando, wengine wanahesabu mafuta na vipuri tu, wengine wanaweka mpaka mshahara wa mlinzi wa geti.

Norman Augustine, aliyekuja kuongoza Lockheed Martin, kampuni inayotengeneza F-35, alichora bei za ndege tangu enzi za wale ndugu Wright waliovumbua ndege akaona ukiuendeleza ule mstari, ikifika 2054 bajeti nzima ya ulinzi ya Marekani itanunua ndege moja. Jeshi la anga litaitumia siku tatu na nusu kwa wiki, wanamaji siku tatu na nusu, na mwaka mrefu wa siku 366 ile siku ya ziada watapewa wanamaji wa nchi kavu (Marines). Alikuwa anatania, ila mstari hakuubuni.

Kwa nchi yenye mfuko mdogo njia moja ya kutoka ni kununua kitu ambacho wenzako walishalipia mpishi na sufuria. Kenya ilianza kupokea F-5 mwaka 1978, ndege iliyobuniwa makusudi iwe nyepesi na rahisi kwa marafiki wa Marekani wasio na pesa nyingi, familia yake ikatengenezwa zaidi ya elfu mbili, halafu miaka ya mwisho ya 2000 tukaongeza mitumba kutoka Jordan. Watu walicheka sana hayo mambo ya mitumba. Basi mjue kwamba kwenye bajeti ya 2020 jeshi la wanamaji la Marekani, hao wenye F-35, liliomba dola milioni 39.7 linunue F-5 kuukuu 22 kutoka Uswisi, zicheze kama adui kwenye mazoezi. Hiyo gawanya tu, ni kama milioni 1.8 kila moja, na ni ya kununua peke yake, kuzifungua na kuzitia vyombo vipya ni mkataba mwengine.