Uozo wa mizizi ya ngano ni nini?

Uozo wa mizizi ni jina la jumla la magonjwa yanayoletwa na kuvu za udongoni, zinazoingia kwenye mizizi na kitako cha shina, zikauozesha mmea ungali umesimama. Hapa Goma ngano tunaijua zaidi ikiwa unga wa mikate na mandazi, lakini huko juu kwenye milima ya Lubero hulimwa, na mkulima wake anastahili kuufahamu ugonjwa huu kabla haujamla msimu mzima.

Shamba huanza kuonyesha viraka. Mimea ya hapo ni mifupi, inakauka mapema, na masuke yake ni meupe, hayana punje au yana punje zilizosinyaa. Wengi hulaumu jua, au husema udongo umechoka. Wanaangalia majani, na jibu liko chini: mzizi uliooza haupandishi maji. Ng'oa shina, lioshe, utazame. Mizizi mizima ni myeupe. Ikiwa ni myeusi tititi mpaka kitako cha shina, mshukiwa wa kwanza ni Gaeumannomyces tritici, kuvu inayopenda udongo wenye unyevu mwingi. Kitako kikiwa cha kahawia, fikiria Fusarium au Bipolaris sorokiniana.

Kuvu hizi hukaa ndani ya mabaki ya mizizi na mabua ya mavuno yaliyopita, zikingoja ngano nyingine. Kwa hiyo swali la kumuuliza mkulima ni moja: msimu uliopita ulipanda nini hapa? Kwa Gaeumannomyces, mwaka mmoja wa maharagi au viazi kwa kawaida hutosha kuinyima chakula. Shayiri haifai, kwa kuwa nayo huilisha. Fusarium ni sugu zaidi, na aina zake kadhaa hushambulia mahindi pia.

Jambo la ajabu ni kwamba ngano ikirudiwa miaka mingi mfululizo, Gaeumannomyces huzidi kwanza, kisha hupungua yenyewe. Bakteria wa jamii ya Pseudomonas huongezeka kwenye mizizi na kutoa kemikali inayoizuia. Hata hivyo simshauri mkulima mdogo asubiri hayo. Hasara ya miaka ya katikati ni kubwa mno kwa familia.

Tena, anayebadilisha mazao apalilie vizuri. Nyasi na ngano iliyojiotea katikati ya maharagi huiweka kuvu hai hadi msimu unaofuata.