Kuchora watu bila kwenda chuo: anza na uzito, macho baadaye

Wengi wanaotuletea michoro yao ya watu wameanza na macho, kope zimekaa vizuri, midomo ina kivuli, halafu ukishuka chini mwili unaelea tu hauna pa kukanyagia. Jamani hiyo sio kukosa kipaji, ni kuanzia mwisho.

Na bila darasa inawezekana kabisa. Van Gogh, yule mchoraji Mholanzi, aliamua kuwa msanii mwaka 1880 akiwa na miaka 27, huko Borinage, Ubelgiji, akawa ananakili michoro ya mazoezi ya Mfaransa Charles Bargue karatasi moja baada ya nyingine, na mwaka 1890, tayari ni mchoraji kamili, akairudia tena baadhi yake.

Wewe nenda kituo cha daladala na penseli na daftari, raba iache nyumbani. Mtu anayesubiri gari mara nyingi anaegemea mguu mmoja, sasa angalia, nyonga ya upande huo inapanda juu na bega la upande huohuo kwa kawaida linashuka. Chora mstari wa mabega na mstari wa nyonga kwanza, sekunde 30 zinatosha, akiondoka hamia kwa mwingine. Halafu shika penseli wima mbele yako, fumba jicho moja, pima kutoka kile kishimo cha koo katikati ya mitulinga kwenda chini, utakuta mstari huo unaangukia karibu na kifundo cha mguu uliobeba uzito, kama ile timazi ya fundi mwashi. Kwenye mchoro wako mstari huo ukiangukia mbali na miguu yote na hajaegemea kitu, basi huyo mtu anadondoka, na hakuna kivuli kitakachomwokoa.

Vipimo ni vya kukusaidia kukagua tu: urefu wa mtu mzima ni kama vichwa vyake 7 na nusu, nusu ya urefu wake iko kwenye kinena, kiganja na vidole vinafunika uso kuanzia kidevuni mpaka karibu na nywele zinapoanzia. Mtoto wa mwaka mmoja ni kama vichwa 4, ndo maana wengi wakichora watoto kwa vipimo vya mtu mzima wanatoka wazee wafupi.

Mikono ndo itakusumbua sana, kweli. Usiku washa taa moja pembeni, chora mkono wako usiotumia kuandikia, anza na umbo la kiganja kizima, vidole vyote vichore kama kundi moja, kucha ziache kabisa mpaka kidole gumba kiwe kimekaa mahali pake.